Mkutano Niliouandaa kwa Ajili ya Mume Wangu

Watu wa kikundi chetu cha kliniki walidhani ninahangaikia mkutano. Waliniona nikizunguka Arua nzima, leo kwa mchungaji kuomba ukumbi, kesho redioni, keshokutwa kwa wenye viti vya kukodisha, wakasema huyu mama ana moyo, anawapenda wagonjwa. Niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahangaikia mtu mmoja tu, naye alikuwa amekaa nyumbani kwangu, miguu juu ya stuli, anasikiliza taarifa ya habari na kudai chai.

Mume wangu aliendesha malori maisha yake yote, njia ya Juba na njia ya Congo, mpaka macho yakamkataza. Ni mtu mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti. Kiswahili chake ni kile cha barabarani, cha iko na hakuna, na mimi mtoto wa askari, niliyezaliwa kambini, kisha nikakaa Mwanza miaka nikiuza vitenge, nilizoea kumcheka. Yeye naye ananiita mwalimu. Lugha ya kwao siijui vizuri, ya kwetu yeye haitaki, kwa hiyo nyumbani tunapendana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili. Mwaka huo tuligombana zaidi.

Ilianza na mkojo. Akienda chooni anakaa huko mpaka najiuliza kama amelala. Akirudi, namuuliza, ananijibu ni baridi. Baridi gani, Arua, mwezi wa pili, jua linapasua vichwa vya watu? Kisha ikawa mgongo, kisha ikawa hataki tena safari ndefu, hata kwenda kanisani anachagua benchi la karibu na mlango. Mimi nilikuwa na macho. Nilimpeleka kwa daktari kwa kisingizio cha malaria, na daktari, kijana mwerevu ambaye anakaa kule Arua Hill kwenye zile nyumba za zamani za serikali, akachukua damu ya malaria na damu nyingine pia.

Majibu yalipotoka, daktari alituketisha akatueleza taratibu. Kuna tezi ndogo chini ya kibofu cha mkojo, inaitwa tezi dume, kila mwanaume anayo na wengi hawajui kama wanayo. Kipimo cha damu kimepanda. Kupanda peke yake si kansa, akasema, inaweza kuwa kitu kingine kabisa, lakini lazima tuchukue kinyama kidogo pale tukipime ili tujue. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Akavaa kofia yake. Akasema, "Asante, daktari," akatoka. Nje, kabla sijafungua mdomo, akaniambia, "Kisu hapana."

Alikuwa na sababu, sitamnyima. Mwenzake wa barabarani, waliyelala naye chini ya lori moja huko porini miaka na miaka, alikwenda kukatwa hicho kinyama, na mwaka haukuisha tukamzika. Madereva wote wakasema kisu ndicho kilichoamsha ugonjwa. Ulikuwa umelala, kikaugusa, ukaamka. Daktari alisema siyo, alisema yule mtu alichelewa, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. Lakini nani atamwamini daktari wakati amebeba jeneza kwa mikono yake mwenyewe?

Basi nikalia. Nikaomba. Nikamleta mchungaji, akala kuku wangu akaondoka. Nikawapigia watoto, wakampigia baba yao, akawaambia mama yenu amechanganyikiwa. Siku moja uvumilivu ukaniisha, nikamwambia akitaka kufa afe, lakini asinifanye mimi nimsindikize polepole kila siku kutoka kitandani mpaka chooni. Nilisema kwa sauti, majirani wakasikia, wala sikujali. Alizima redio. Kisha akasema:

"Wewe nataka mimi naenda? Haya. Lete mutu moja. Mutu mwenye kisu ilimupitia pale pale, na bado iko nalima. Mimi naongea na yeye macho kwa macho. Kama hakuna, wachana na mimi."

Nikashika hapo hapo.

Daktari alikuwa na kikundi kidogo, wagonjwa wachache na wake zao, nami niliingia peke yangu bila mzee, tukikutana kwenye baraza ya kliniki. Kwa muda mrefu alikuwa akisema tufanye mkutano mkubwa wa kuwaelimisha wagonjwa wa Arua na Koboko, waje na wake zao, wasikie kwa masikio yao. Kila akisema, watu waliitikia amina na kwenda nyumbani. Sasa nilimvamia mimi. Nikamwambia, mkutano tunaufanya, na mimi ndiye mwandalizi. Kisha nikamwuliza: kwenye wagonjwa wako wote, yuko mwanaume aliyepasuliwa akapona, na analima?

Daktari alinitazama. Si mjinga, alijua namwulizia nani. Akasema siri ya mgonjwa hawezi kuitoa, lakini yuko mmoja upande wa Koboko, atamwuliza kwanza. Siku zile za kungoja jibu sikula vizuri. Simu ikilia narukia, kumbe ni mtu anauliza bei ya kitenge.

Yule bwana akakubali nimtembelee. Nilikwenda Koboko, kisha Dranya, nikamkuta shambani kwake anapalilia mihogo. Anapalilia! Nilisimama pembeni nikamtazama kwanza, jinsi anavyoinama, jinsi anavyonyooka, nikataka kumkumbatia mume wa watu. Ni mtu mwembamba, mpole, umri wa mume wangu, zamani alikuwa anavusha tumbaku mpakani. Tulikaa kwenye baraza ya nyumba yake, akanieleza kwa sauti ya chini. Alipasuliwa Kampala. Miezi ya kwanza alikuwa anavuja kama mtoto, alitaka kufa kwa aibu. Sasa iko afadhali. Bado siku nyingine inatokea, akipiga chafya. Alisema haya huku akitazama jembe lake, si mimi.

"Mimi nakuja, mama," akasema. "Nasema yote. Lakini kitu moja. Watu ya kwa bibi yangu wasisikie. Wakwe hapana. Kwao wanajua nilikwenda Kampala sababu ya tumbo."

Nikamwambia, kaka yangu, usiwe na wasiwasi, mkutano ni Arua, wewe uko huku Dranya, nani atakujua? Nikaagana naye mbio mbio ili niwahi kurudi. Mtu yeyote wa kwetu, akikutana na mgeni, hata maji hajanywa, ameshauliza: umezaliwa ukoo gani, mama yako katoka wapi, umeoa wapi. Mimi mwenyewe nauliza hata wauza nyanya. Siku hiyo, kichwa kikiwa kimejaa mume wangu, sikuuliza ameoa wapi.

Nyumbani nilimwambia mzee, "Mtu wako nimempata. Analima." Akashusha redio.

"Wapi?"

"Atakuja kwenye mkutano. Ukitaka kumwona, njoo mkutanoni."

"Mkutano ya watu wagonjwa? Mimi siko mgonjwa."

"Basi njoo kama dereva mstaafu."

Hakukataa, na mimi nilimjua mtu wangu. Asipokataa, kuna njia.

Kuandaa mkutano kwa moyo wa namna hiyo, jamani, usimwombee hata adui. Kila kitu kidogo kiligeuka ugomvi. Daktari alitaka bango kubwa mlangoni liandikwe Kansa ya Tezi Dume, kwa herufi nyekundu. Nikamwambia, daktari, ukiandika hivyo utahutubia viti. Mwanaume gani wa Arua ataonekana na shemeji zake akipita chini ya bango hilo? Akasema lazima tuuite ugonjwa kwa jina lake, kuuficha ndiko kunaua watu. Nikamwambia auite ndani, nje tuweke Afya ya Akina Baba. Tulibishana mpaka akakasirika, na mimi kukasirika sikuanza kujifunzia kwake. Mwishoni bango likawa Afya ya Akina Baba, na maneno yake mekundu yakaingia ndani, ukutani nyuma ya meza kuu.

Kisha mzee akaanza vituko. Mara ana safari ya kwenda kumwona kaka yake. Mara goti linauma. Mara amesikia mvua itanyesha. Nilikuwa kila nikisikia mlango wa chumba unafunguka najua anakuja kuniambia haendi. Usiku wala mchana sikupumua. Nilijiambia, akimwona yule bwana, amepona. Asipomwona, nitavaa nguo nyeusi. Kwa akili yangu ya wakati ule mambo yalikuwa mepesi hivyo.

Chakula nilimpa mpishi wetu wa siku zote, mama mmoja wa Pajulu, mjane, mikono ya dhahabu. Huyo ndiye anayepika harusi zetu na misiba yetu yote. Mimi na yeye tukiandaa harusi, jambo la kwanza kabla hata ya kuhesabu sufuria ni wakwe. Nani ni mkwe wa nani, nani asikae upande gani. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawachanganyiki hovyo. Siku hizi watasalimiana, kwa mbali, macho chini. Lakini kula mbele yake, hapana. Na neno lolote la mwili wake, la mkojo, la kitandani, likafika masikioni mwa mama mkwe, huyo mtu hana tena mahali pa kuweka uso. Kwa hiyo tunapanga, huyu nyuma ya nyumba, yule mbele, na wote wanakula kwa amani. Ila hii haikuwa harusi. Ulikuwa mkutano, una daktari, una picha za ukutani na jenereta na kipaza sauti. Tulizungumza maharage na nyama, tukamaliza. Hata wazo halikunijia.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa kuliko tulivyotegemea. Akina baba waliingia mmoja mmoja wakitazama nyuma, kama watu wanaoingia kwenye pombe ya magendo, na wake zao mbele yao wanatembea kwa ujasiri. Walikuja wa Koboko, walikuja wa mjini, wakaja wazee wachache wakimbizi kutoka Sudan Kusini na mtu wao wa kuwatafsiria kwa Kiarabu cha Juba. Mzee wangu alikuja. Alivaa koti. Alichagua kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, kofia magotini, tayari kukimbia. Nilimpitia nikajifanya simwoni, huku moyo unanidunda mpaka nasikia kwenye meno.

Daktari akaanza. Alieleza vizuri, sitasema uongo, lakini masikio yangu yalikuwa nje, barabarani. Yule bwana wa Dranya alikuwa amepiga simu, amefika mjini, anakuja. Zamu yake ilikuwa baada ya daktari. Nikatoka kumpokea.

Nilimwona anafika getini, shati jeupe limepigwa pasi, mkononi kikaratasi. Alinitabasamia. Akapiga hatua moja ndani ya uwanja, kisha nikaona uso wake unabadilika. Alikuwa anatazama upande wa nyuma ya ukumbi, penye moto. Mpishi wangu alikuwa ameinamia sufuria, mgongo kwetu, anaonja mchuzi. Yule bwana alirudi kinyumenyume hadi nje ya geti, akajibanza kwenye ukuta. Nikamkimbilia.

"Nini, kaka?"

"Ule mama. Nani alileta ule mama?"

"Ni mpishi wetu, wa Pajulu..."

"Ule ni mama ya bibi yangu."

Lo! Alikuwa ameoa mke wa pili, msichana wa Pajulu, na mama yake ndiye huyo. Mzee wa mihogo na mpishi wangu, umri mmoja, mkwe na mama mkwe. Na madirisha ya ukumbi ule hayana vioo, ni matundu tu ya matofali, na kipaza sauti chetu kilikuwa kikubwa hata watu wa sokoni wangesikia mtu akikohoa. Angesimama pale kusema anavuja akipiga chafya, na yule mama akiwa hapo nyuma na mwiko mkononi.

Nikamwambia nitamwondoa, nitamtuma sokoni. Akatikisa kichwa. "Ukimwondoa, atauliza sababu gani. Atajua iko mutu." Na kweli. Namwambia nini? Toka jikoni, maana kuna mwanaume wa Dranya hutakiwi kusikia ugonjwa wake? Nilikuwa nimemuahidi huyu mtu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilibaki pale getini nimeshika kiuno, jasho jembamba, nikijitukana kwa Kiswahili cha kambini, kile ambacho mama yangu angenipiga kofi.

"Mama, samahani," akasema. "Mimi narudi Koboko."

Nilimwomba. Nilimshika mkono wa shati kabisa, mwanaume wa watu, njiani. Nikamwambia, kaka, ngoja kidogo tu, ngoja nifikirie. Lakini kichwani mlikuwa hamna kitu. Ndani nilimsikia daktari anamaliza, anasema sasa tutamkaribisha mwenzetu ambaye amepitia haya mwenyewe. Makofi yakapigwa. Kisha kimya. Kisha daktari akasema tena, sasa tutamkaribisha. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee wangu akatoka mlangoni. Nilidhani ndiyo basi, anakwenda nyumbani, amepata sababu yake. Alivuka uwanja taratibu, akatukuta getini. Alimtazama yule bwana juu mpaka chini.

"Ni huyu?"

"Ni huyu," nikasema, "lakini hawezi kuingia. Mama mkwe wake ndiye anatupikia."

Nilitegemea aniseme. Angekuwa na haki. Alitazama kule kwenye moshi, akatazama ukumbi na lile spika letu juu ya dirisha, akacheka, kicheko chake kile kikubwa cha barabarani.

"Nyinyi watu ya kusoma," akasema. "Mutu nasema maneno ya suruali yake na spika? Hata mimi nakimbia." Akamgeukia yule bwana. "Ndugu, wewe nakunywa chai?"

Ng'ambo ya barabara kuna gereji, na siku hiyo kulikuwa na lori bovu limeegeshwa, bodi limefunguliwa nyuma. Mzee alimpeleka pale kana kwamba ni sebuleni kwake. Wakakaa kwenye tairi mbili, migongo kwetu. Nikarudi ndani kumnong'oneza daktari kwamba mgeni yuko nje, hawezi kuingia, aendelee na picha zake. Lakini mtu mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa ameona. Akatoka kama anakwenda kujisaidia. Hakurudi. Akatoka mwingine. Baada ya muda nikaona kiti kinabebwa juu juu kinapita mlangoni, kisha kingine. Wale wazee wa Juba wakaondoka pamoja na mtafsiri wao. Daktari alibaki ameshika fimbo ya kuonyeshea picha, mbele yake wanawake tu. Akatazama milango, akanitazama mimi, akaweka fimbo mezani, akachukua kiti chake mwenyewe akawafuata.

Tukabaki wanawake. Mwanzoni tulicheka. Kisha mama mmoja akasema, kwa kuwa wameondoka, wacha niseme, mimi nimechoka. Akalia. Na mwingine akasema na yeye. Sitaandika yaliyosemwa mle, ni ya wenyewe. Mimi nilikuwa dirishani, jicho kwenye tundu la tofali. Niliona migongo ya makoti imelizunguka lile lori. Niliona mikono ya yule bwana ikienda huku na huku. Mara moja wote waliangua kicheko. Mara nyingine walinyamaza, wakanyamaza mno. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, viwiko magotini, kofia mkononi anaizungusha. Sikusikia hata neno. Mkutano wangu wote, redio, bango, jenereta, na mimi sikusikia hata neno moja.

Mpishi akaja nyuma yangu anafuta mikono. "Wanaume wetu wamekwenda wapi? Chakula iko tayari."

"Wamekwenda kutazama lori," nikasema.

"Wanaume!" akasema, akarudi kwa sufuria zake. Nilimpelekea yule bwana sahani mwenyewe, nimeifunika, na alikula kule gereji, mgongo umegeukia barabara. Kabla ya kuondoka alinishukuru kwa nyama. Akasema ni tamu, inafanana na ya nyumbani kwake. Sikujua nicheke au nilie.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mzee, jua limeanza kulegea. Sikumwuliza. Nilijing'ata ulimi njia nzima, na anayenijua anajua hilo linaniuma kiasi gani. Alisimama njiani kupumzika, kwenye duka la saruji. Alinunua maji. Alikunywa nusu, nusu akanipa.

"Mimi nilimuuliza kitu moja," akasema. "Wengine waliuliza kitanda, waliuliza kulima. Mimi nilimuuliza kama alilia."

"Akasema nini?"

"Alisema, ndiyo. Alilia kabla, na alilia baada. Mbele ya daktari, hakuna aibu." Akavuta pumzi. "Mimi nilifikiri iko mimi peke yangu nalia kule chooni."

Nilisimama na chupa mkononi. Miaka yote hiyo ya ndoa, mtu mwenye sauti kama honi ya lori, na mimi nimesimama nje ya kile choo nikimfokea aharakishe.

"Sasa tunakwenda," akasema. "Jumatatu. Daktari alisema Jumatatu iko nafasi. Wanakata ile kinyama, wanapima, tunajua. Kama ni kansa, ni kansa. Wewe nakwenda na mimi?"

Hili ndilo neno nililolilia, nililomfokea, nililomwombea Mungu, nililobebea viti mji mzima. Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Kumbe wakati wote aliokuwa anakataa, mimi nilikuwa na kazi ya kumshawishi, na kazi ile ilinifunika macho. Sasa ameniondolea kazi. Nyuma yake niliona ile karatasi ya majibu, na neno litakaloandikwa juu yake, na yeye mwembamba kitandani, na nyumba bila kelele. Nikasikia sauti, na ni sauti yangu mwenyewe, ikisema:

"Kwani lazima iwe Jumatatu?"

Mzee alinitazama. Hakunicheka. Akachukua ile chupa mkononi mwangu, akaifunga kifuniko, akanishika mkono, barabarani, mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Jumatatu," akasema. "Twende."